Ukimya wa Mama Rasoa

Nakushukuru, ee Mungu wangu, kwa kuniamsha tena, mkono ungali unashika kalamu na macho, kwa msaada wa miwani, yangali yanaufuata mstari. Umenitunza kuliko nilivyostahili, na umenivumilia kuliko nilivyowavumilia wengine. Sifa nakurudishia wewe kwanza, kabla sijaanza kusimulia mambo ya watu, maana mtu akishaanza na watu ni rahisi kukusahau.

Mama Rasoa alipofariki, wanawe walinitumia ujumbe nije Shirere, pembeni mwa mji wa Kakamega, nikae nao waamue atazikwa wapi. Nilienda polepole, magoti yangu siku hizi hayaharakishwi, nikafikishwa katika chumba kile cha nyuma ya kanisa letu ambako nilikaa saa nyingi sana nikiwa kijana. Wamekipaka rangi, wameweka viti vya plastiki badala ya mabenchi, na mahali palipokuwa na jiko la makaa sasa pana mtungi wa gesi. Lakini bati ni lile lile, na dirisha ni lile lile linalotazama upande wa msituni, ambako mawingu ya alasiri hukusanyika kila siku kana kwamba yameitwa. Wanawe wawili walikuwa wamekaa pamoja wakitazama sakafu. Binti yake, Jerusa, alikuwa mlangoni na leso begani. Waliniachia kiti cha karani, kwa kuwa mimi ndiye karani wa mkutano sasa, na nilipoketi nikaikumbuka siku tuliyoketi papo hapo na kukosea, Mama Rasoa akiwa katikati yetu na sufuria mkononi. Hapo ndipo mwaka ule uliponirudia wote.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa pili wa vyama vingi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimepanga chumba hapo hapo Shirere kati ya wanafunzi waliokuwa wakipika maharagwe usiku kucha, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa katika ofisi moja mjini. Nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari ya katiba. Nairobi watu walikuwa wakiandamana na kupigwa, na sisi huku tulikuwa tukisikia habari hizo redioni kwa sauti ya chini. Makanisa kadhaa ya Kakamega na msikiti mmoja wa upande wa Mumias vilikuwa vimekubaliana kuunda kamati ndogo ya kukusanya maoni ya wananchi, ili wakili mmoja aliyekuwa akizunguka mikoani ayapeleke Nairobi yakaunganishwe na ya wengine. Waliniingiza katika kamati kwa sababu nilijua kupiga chapa. Wakati huo nilidhani ni heshima kubwa. Sasa naona walihitaji tu mtu mwenye mashine, na bado nashukuru.

Katika kanisa letu, tangu zamani, jambo haliamuliwi kwa kura. Watu huketi, husema, hunyamaza, kisha karani huandika pale pale kile anachoona kuwa ndiyo nia ya mkutano, akakisoma kwa sauti na kuuliza kama kila moyo umetulia. Kukiwa na mmoja asiyetulia, atasema, na mambo huanza upya. Wote wakinyamaza, karani huinamisha kichwa, na jambo limepita. Tulifundishwa kwamba ukimya ule ni wa Roho, na nimeshauonja mara nyingi ukiwa hivyo kweli, mtamu kama maji ya kisima. Karani wetu alikuwa Mzee Zakayo, mkulima wa mahindi kutoka Lugari, mrefu, mwenye suruali zilizokuwa fupi daima. Kwa kuwa mikutano ilifanyika kwetu, aliwaomba wenzetu wa makanisa mengine na wa msikiti wakubali utaratibu wetu huo. Walikubali kwa adabu, kama mtu anavyokubali kuvua viatu katika nyumba ya watu.

Mkutano wowote siku hizo ulihitaji leseni ya serikali, na leseni hazikutolewa kwa watu kama sisi. Ibada haikuhitaji. Kwa hiyo tulikuwa tukifungua kwa wimbo na kusoma Maandiko, kisha katiba, kisha wimbo tena. Askari mmoja mwenye koti la kijivu alikuwa akitumwa kuja kutusikiliza. Alijifanya muumini, akakaa nyuma karibu na mlango. Jumamosi ya pili Mzee Zakayo alimpa kitabu cha nyimbo, na ya tatu akamwomba asome Zaburi. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuimba kwaya. Baada ya hapo tulimpikia kama wengine, na ninaamini taarifa alizokuwa akiandika zilihusu zaidi chakula.

Na chakula kilikuwepo, namshukuru Mungu. Tulikutana Jumamosi, wengine walikuwa wametoka mbali, hatungeweza kuwaacha na njaa. Shida ya kwanza ilikuwa kuku. Mgeni wa heshima huku hupewa ingokho, lakini Bwana Swaleh, mjumbe wa msikiti, hangeweza kula kuku tuliyemchinja sisi. Alikuwa mkulima wa miwa kutoka Ekero, mnene, mwenye kofia nyeupe safi na mdomo usiolala. Aliitatua mwenyewe: alikuwa akifika mapema kuliko wote, anasalimu kwa salamu zake ndefu, anauliza kisu kiko wapi, anamchinja kuku nyuma ya kanisa akielekea kibla, kisha ananawa na kuingia ndani. Wazee wetu walikuwa wakimtania kwamba msikiti umemleta mchinjaji badala ya mjumbe. Naye alikuwa akiwajibu kwamba bila yeye Wakristo wa Shirere wangekula mrenda hadi siku ya kiyama.

Aliyempika kuku huyo alikuwa Mama Rasoa. Alikuwa amekaa na watoto wake katika chumba kidogo kilichopakana na chumba chetu cha mikutano kwa miaka mitano. Yeye na mumewe walikuwa wamenunua shamba ng'ambo ya Lugari, nje ya mpaka wa mkoa wetu, wakiungana na wengine katika chama cha kununua ardhi. Walilima huko, wakazaa huko, mumewe akafa kwa ugonjwa wa kawaida akazikwa chini ya mgreveli alioupanda mwenyewe. Kisha, kuelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, vijana walikuja alasiri moja na mishale na viberiti, wakawaambia watu wa kabila letu warudi jimboni kwao. Alikuwa na sufuria ya mahindi na maharagwe motoni. Aliiepua, akaifunga kwa sweta, akaondoka nayo ikiwa ya moto, watoto mbele. Alisema walikula chakula hicho siku mbili njiani. Sufuria hiyo, mshikio mmoja umeungua, ndiyo aliyotupikia kila Jumamosi. Wakili alikuwa amesisitiza kwamba waliofukuzwa wawe na mjumbe katika kamati, nasi tukamtaja yeye, kwa kuwa alikuwa karibu. Kwa hiyo alikuwa mjumbe kama sisi. Lakini pia alikuwa mpishi, na nusu ya mikutano aliisikia akiwa mlangoni, mwiko mkononi, akiingia na kutoka.

Swali lililotukalisha muda mrefu lilikuwa la majimbo, yaani kila sehemu ya nchi ijiendeshee mambo yake. Wengine waliyaogopa kwa sababu ya moto ule wa miaka mitano nyuma. Lakini wengi katika chumba kile waliyataka, na sikuwaona wabaya, wala siwaoni wabaya leo. Bwana Swaleh ndiye aliyesema vizuri zaidi. Alisema miwa inatoka shambani kwake na kila uamuzi unatoka Nairobi. Barabara ya kupitishia trekta ikikatika, anaambiwa asubiri Nairobi. Shule ikikosa mwalimu, Nairobi. Zahanati ikiishiwa dawa, Nairobi. Alisema hataki kumfukuza mtu yeyote, anataka tu serikali ikae mahali ambapo anaweza kuamka asubuhi, akatembea kwa miguu yake na kuigongea mlango. Wazee waliitikia. Hata yule askari wa koti la kijivu nilimwona akitikisa kichwa kukubali, kisha akajikumbuka.

Tulizungumza hivyo Jumamosi nyingi. Ukisoma vitabu utadhani mageuzi ya nchi hufanywa na watu wenye macho yanayowaka. Sisi tulikuwa tumechoka. Wengine walikuwa wametembea kutoka Sigalagala kwenye vumbi, wengine wameacha mbuzi wagonjwa, na saa kumi ilipokaribia kila mtu alikuwa akitazama dirisha, maana mvua ya Kakamega ikianza kupiga bati hakuna anayemsikia mwenzake. Siku ya kumaliza jambo hilo, mawingu yalikuwa yameshafunika msitu. Mzee Zakayo aliandika haraka, akasimama, akasoma kwamba watu wa sehemu hii, kwa umoja wao, wanataka nchi igawanywe katika majimbo na kila jimbo lisimamie ardhi na mali yake. Aliuliza kama kila moyo umetulia. Hakuna aliyesema. Nakumbuka Mama Rasoa alikuwa amesimama karibu na meza, sufuria tupu mikononi, amekuja kukusanya vyombo. Mzee Zakayo aliinamisha kichwa. Na hapo hapo mvua ikashuka, ikapiga bati kwa nguvu zote, tukakaa karibu saa nzima tukitazamana kwa tabasamu, hakuna ambaye angeweza kusema neno hata kama alikuwa nalo.

Wiki hiyo nilipiga chapa yale maoni, kurasa nne. Nilifurahia neno umoja. Nililipa nafasi yake katikati ya mstari.

Siku ya kuyasoma ilikuwa katika ukumbi mmoja mjini Kakamega, mbele ya kamati nyingine kutoka wilaya jirani na mbele ya wakili, ambaye alikuwa akiondoka jioni hiyo hiyo na mkoba wake wa maoni. Ilikuwa ibada tena, tuliimba kwanza. Watu walijaa hadi madirishani. Mama Rasoa alikuwa amekaa kwenye safu yetu, kitambaa cha Jumapili kichwani, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa amekaa mkutano mzima bila kuinuka kwenda jikoni. Mzee Zakayo alisoma polepole, alikuwa msomaji mzuri. Alipofika kwenye maneno kwa umoja wao, Mama Rasoa alisimama.

Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee Zakayo, naomba usimame hapo kidogo. Mimi sikukubali."

Mzee Zakayo alishusha karatasi. Bwana Swaleh, aliyekuwa ubavuni mwangu, aligeuka mzima mzima na kiti chake. "Mama Rasoa," alisema, "wewe ulikuwepo. Nimechinja, umepika, tumekula. Yamesomwa mbele yako. Ukakataa wapi?"

"Sikukataa. Nilinyamaza."

"Na hawa kwao kunyamaza si ndiyo kukubali?"

"Kwao," alisema. "Mimi si wa kanisa lao, Bwana Swaleh, kama wewe usivyo. Nimekaa kwa hawa watu miaka tano, nalala kwa nyumba yao, watoto wangu wanakulanga kwao. Mtu anawezaje kusimama kwa nyumba ya mwenyewe amwambie hapana? Nilingoja mtu aniulize kwa jina langu. Hakuna aliyeniuliza." Kisha alimgeukia Mzee Zakayo, na sauti yake ikapungua zaidi. "Mzee, hilo neno mimi nililisikia siku ile nyumba inachomeka. Jimbo lenu, rudini jimbo lenu. Mume wangu amelala huko. Mkisema kila jimbo lisimamie ardhi yake, mimi ile ardhi ni ya nani? Nikifa mtanizika wapi?"

Kulikuwa na wengine ambao wangemjibu kwa ufasaha. Wakili mwenyewe alifungua mdomo, nadhani alitaka kueleza kwamba maneno yanaweza kurekebishwa baadaye. Mzee Zakayo hakumpa nafasi. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni na kusema, "Basi sijaisoma." Akaketi. Watu waliguna, mmoja wa nyuma akauliza kama tumekuja kuchezewa, na kamati ya wilaya jirani ikaitwa isome yake. Jioni mkoba wa wakili uliondoka na maoni ya wote isipokuwa yetu. Tulirudi Shirere kwa miguu. Kwenye kona ya kuingia kanisani Bwana Swaleh alituaga kwa mkono mmoja, bila salamu zake ndefu.

Hakuja tena. Jumamosi ya kwanza tulimngoja, kuku akitembea uani bila wasiwasi. Ya pili tulipika mboga. Mama Rasoa alipika bila kusema, akapakua bila kusema, na kwa kuwa sasa tulijua ukimya wake haukuwa tulivyodhani, kila mmoja alikuwa akiuogopa. Baadhi ya wazee walilalamika pembeni kwamba tumepoteza kazi ya miezi kwa ajili ya mtu mmoja, tena mtu wa kuhifadhiwa. Mzee Zakayo aliwasikia. Aliniambia tukiwa tunafunga madirisha kwamba maisha yake yote aliamini anajua kuusikiliza ukimya, na kumbe alikuwa akisikiliza wa watu wa kwake tu. Alionekana mzee sana jioni hiyo. Nilikuwa kijana, nikamshikia mwavuli.

Baada ya wiki kadhaa alinichukua tukaenda Ekero. Miwa ya Bwana Swaleh ilikuwa imesimama imekomaa, haijakatwa, na barabara ya trekta ilikuwa imekatika pale pale alipokuwa akituambia. Mkewe alitukaribisha barazani, akatupa chai ya tangawizi na mikate ya sinia. Mwenye nyumba alitoka akiwa amevaa kikoi na fulana, akaketi, akatuuliza habari za nyumbani, za mahindi, za mvua, za afya ya kila mtu tuliyemjua, na alipomaliza akasema, "Nyinyi watu wa kunyamaza mmenichosha. Kwetu mtu akiwa na neno analisema. Mngepiga kura tu, ningeshinda, na yule mama angejua ameshindwa na nani."

Mzee Zakayo alikubali kwamba angeshinda. Kisha akamwuliza, akishinda, angeenda kumwambia Mama Rasoa azikwe wapi. Bwana Swaleh alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. Alisema yeye alitaka mlango wa kugonga, hakutaka kumfungia mtu mwingine mlango. Mzee Zakayo akasema hilo ndilo hasa ambalo hatukuandika. Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake ya kusoma Maandiko, kwamba kanisa lote halijala kuku tangu yeye alipokasirika, na askari wa serikali amekonda. Bwana Swaleh alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda, tumbo likatikisika chini ya fulana.

Jumamosi iliyofuata alikuwepo mapema, akauliza kisu kiko wapi. Tulipokaa, kabla ya wimbo kumalizika vizuri, alimgeukia Mama Rasoa aliyekuwa mlangoni. Alimwambia aweke mwiko chini aje akae kwenye benchi. "Leo wewe sema, mama, huyu binti wa kupiga chapa ataandika. Mimi ndiye nitanyamaza, na msinihesabu kuwa nimekubali." Watu walicheka. Mama Rasoa aliketi ukingoni mwa benchi, akafuta mikono kwa leso. Alikaa hivyo kwa muda, na hakuna aliyemharakisha. Aliyoyasema niliyaandika kama alivyoyasema, na sikuyapamba: kwamba serikali ikija karibu na watu ni vizuri, lakini isimuulize mtu kabila lake ni gani na alizaliwa wapi. Mtu aliyenunua shamba, akalilima, akazika hapo mtu wake, hapo ni kwao. Asiambiwe arudi popote. Alipomaliza, Bwana Swaleh, aliyekuwa ameahidi kunyamaza, aliomba iongezwe barabara ya miwa.

Mzee Zakayo alipouliza kama mioyo imetulia, hakuutegemea ukimya tena. Alianza na Mama Rasoa, akamtaja kwa jina, akangoja jibu. Akamtaja Bwana Swaleh. Akatutaja sote mmoja mmoja hadi mwisho, hata askari wa koti la kijivu, ambaye alishtuka akasema yeye hana la kusema ila kwamba kuku ameiva. Tangu siku ile ndivyo tunavyofanya katika mkutano wetu hadi leo. Wageni huulizwa kwanza. Inachukua muda mrefu sana, vijana hulalamika, na mimi huwaambia wakae.

Mtu angependa niseme kwamba maoni yale yaliitikisa nchi. Tuliyatuma Nairobi yakiwa yamechelewa na hatukupata jibu. Kabla mwaka haujaisha, wanasiasa wa pande zote walikuwa wameketi peke yao wakapatana mageuzi madogo, wakasema makubwa yatakuja baada ya uchaguzi. Tulichokiona sisi kwa macho ni kwamba leseni za mikutano ziliondolewa. Askari wetu hakuwa na sababu ya kuja tena, lakini aliendelea kuja Jumamosi kwa mazoea, mpaka alipohamishwa. Mvua ya mwisho wa mwaka ule ilikuwa kubwa kupita zote nilizowahi kuona, ikabomoa madaraja, na watu walipiga kura wakiwa na matope hadi magotini. Kamati ilisambaa bila kuvunjwa. Mzee Zakayo alirudi kwenye mahindi yake Lugari na Mungu alimchukua baada ya miaka michache, usingizini, kwa upole aliostahili.

Tulizunguka miaka mingine mingi. Kukaja tume, kukaja rasimu, kukaja kura iliyoikataa rasimu. Katikati ya hayo Mama Rasoa alirudi shambani kwake, akajenga tena, akaniletea mahindi mabichi mara mbili. Kisha ukaja uchaguzi ule mbaya wa mwisho wa mwaka, watu wakachomewa na kufukuzwa tena, na Januari nikamwona akiingia lango la kanisa, nywele nyeupe, na ile sufuria kichwani. Alinisalimu mulembe kama mtu aliyetoka sokoni. Nilimfungulia chumba kile kile. Siku hiyo nilijaribu kuomba na maneno hayakuja. Nilikaa tu mbele za Bwana bila neno, na natumaini Yeye hutofautisha ukimya na ukimya.

Katiba mpya ilipopatikana hatimaye, nilimsomea sehemu ile inayosema Mkenya ana haki ya kukaa na kumiliki ardhi popote nchini. Sikumwambia kwamba ilitoka kwetu, kwa sababu sijui ilitoka kwa nani. Watu wengi katika vyumba vingi kama kile walisema jambo hilo hilo. Alisikiliza akichambua mboga. Akasema ni maneno mazuri, wayatunze. Bwana Swaleh naye alipata serikali yake ya karibu. Nilimtembelea kabla hajafa, akanieleza kwamba aliamka asubuhi kama alivyotaka, akavaa kofia, akaenda mpaka mlangoni kwa kaunti akagonga kwa sababu ya barabara. "Nimegonga, binti," alisema. "Wakaniambia nisubiri." Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye, na tulipomaliza tulikuwa tumechoka wote wawili.

Basi nikaketi na watoto wa Mama Rasoa, dirisha likionyesha mawingu. Mwanawe mkubwa, Nathan, alisema azikwe kwenye makaburi ya kanisa, hapa ni salama, na alipazoea. Mdogo wake alinyamaza. Jerusa alinyamaza. Mvua ilikuwa karibu, na kila mtu alitaka nimalize. Nilimwita Jerusa kwa jina. Aliikunjua leso na kuikunja tena.

"Mama alisema yeye hapa ni mgeni," alisema. "Alisema mmemtunza vizuri, lakini mtu hazikwi mahali amehifadhiwa. Alisema apelekwe kwa baba."

Nathan aliuliza itakuwaje wakizuiwa njiani na jeneza. Lilikuwa swali la haki na sikumkemea. Tulimpigia simu jirani wa kule, mzee wa kabila lile la waliomfukuza, ambaye ndiye anayelilima shamba sasa. Nathan alieleza kwa mizunguko, kama mtu anayeomba kibali, na nilipokuwa nikimsikiliza niliona uchungu wa jambo lile: miaka yote ile, katiba nzima, na bado mtoto anaomba ruhusa kumzika mama yake katika shamba lake. Yule mzee akasema, "Mleteni. Kaburi la mwenzake nimelizungushia ua, ng'ombe hawafiki."

Tulimpeleka. Hakuna aliyetusimamisha njiani. Vijana wa kule walikuwa wamekwisha kuchimba, udongo mwekundu umerundikwa vizuri upande mmoja, na wake zao walikuwa wameleta maziwa kwenye mitungi. Sikumuuliza yule mzee alikuwa wapi siku za moto, wala yeye hakusema. Alisimama upande wa pili wa kaburi amevua kofia. Nilipoombwa kufunga, niliwaomba watu wanyamaze kidogo, nao wakanyamaza, wa kwetu na wa kwao. Ukimya ule sikuusoma. Niliuacha ulivyo, mgreveli ukicheza kwa upepo juu yetu, mpaka Jerusa alipochukua udongo kiganjani akautupa.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Bwana akupe mahali ambapo hakuna atakayekuuliza unatoka wapi, akupe na watu watakaokuita kwa jina lako na kungoja ujibu. Akulinde uendako na urudiko. Amina.